Mzizi Hauvutwi, Huitika: Tatizo la Kitenzi Kimoja

Mjini Kitengela, udongo mweusi wa mfinyanzi huchimbwa na kuondolewa kabla ya msingi wa nyumba kuwekwa. Mwanafunzi anayetazama mizizi iliyoachwa wazi kwenye kuta za mtaro akiulizwa kwa nini imeelekea chini, aghalabu hujibu: “Imevutwa na ardhi.” Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo ya kutendwa inapotosha elimu yenyewe.

Uvutano wa dunia upo, wala hatuukani. Lakini shina nalo huvutwa vivyo hivyo, na bado hupanda juu.

Katika ncha ya mzizi mna kofia ya seli, na baadhi ya seli hizo zina punje za wanga zilizo nzito kuliko ute unaozizunguka. Mche mchanga wa maharagwe ukilazwa ubavu, punje hizo hutua upande ambao sasa ni wa chini, kwa muda wa dakika chache tu. Ndipo homoni iitwayo oksini huelekezwa kwa wingi upande huo. Hapa wengi hutatizika: katika mzizi, wingi wa oksini huzuia seli zisirefuke. Seli za upande wa juu huendelea kurefuka, za chini huchelewa, na mzizi hujipinda kuelekea chini. Katika shina, homoni iyo hiyo huchochea urefukaji. Ndiyo maana shina huinuka.

Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba mzizi uliokatwa ncha huzidi kurefuka, ila hupoteza mwelekeo hadi ncha nyingine iote.

Basi uvutano ni ishara, na mtenda ni mzizi. Napendekeza istilahi “mwitiko kwa uvutano”. Kihusishi “kwa” ni muhimu, maana “mwitiko wa uvutano” ungeweza kueleweka kana kwamba uvutano ndio unaoitika. Aidha, istilahi hii inazaa nyingine bila taabu: mwitiko kwa mwanga, mwitiko kwa maji. Huu wa mwisho una uzito katika maeneo makavu ya Kajiado, kwa kuwa mzizi huweza kuacha njia ya kwenda chini ukageukia upande wenye unyevu. Kitenzi “kuvutwa” kitaelezaje mzizi uliopokea ishara mbili, ukafuata moja?