Siri ya Mwanamke Mwenye Ulemavu

Maswali na majibu kuhusu haki za wanawake wenye ulemavu nchini Kenya

Katiba ya 2010 iliwapa watu wenye ulemavu viti. Bado kuna la kudai?

Lipo, tena si dogo. Kifungu cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika taasisi za umma ziwafikie watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Wanaochelewesha hujificha katika maneno hayo ya mwisho. Seneti ina viti viwili vyao, kimoja cha mwanamume, kingine cha mwanamke. Crystal Asige, mwanamuziki asiyeona, aliteuliwa seneta mwaka 2022, akasimamia mswada uliozaa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, badala ya ile ya 2003. Viti vina kazi, basi. Ila kiti cha Seneti hakimfikishi mwanamke kliniki.

Kliniki kuna nini?

Bungeni, Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi sawa na Kiswahili na Kiingereza. Lakini mama kiziwi akienda kliniki ya wajawazito, mara nyingi mkalimani wake ni mume, mama mkwe au mtoto wa shule. Muuguzi anauliza kama mama anapigwa nyumbani, na huenda anayefasiri swali ndiye mpigaji. Majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi mwingine huyasikia kabla ya mwenyewe. Kisha watu hushangaa kwa nini haripoti chochote.

Lakini jamaa wa nyumbani si ndiye anayemjali?

Wengi wanajali kwelikweli, na bila wao maisha yangekwama. Hata hivyo, msaidizi akiwa mmoja tu, hugeuka bosi. Mwanamke asiyeona ambaye nambari yake ya siri ya M-Pesa iko kwa shemeji, pesa zake huziomba. Shemeji atakwambia anasaidia, na wala hasemi uongo.

Na siku ya uchaguzi?

Sheria inamruhusu mpiga kura mwenye ulemavu kuingia na msaidizi amtakaye, naye msaidizi huapa kutunza siri. Kiapo hicho kinamzuia mume kutangaza kura ya mkewe, hakimzuii kuijua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka kura iwe ya siri kwa mtu mwenye ulemavu pia.

Watetezi wa wanawake hawalioni hili?

Wanaliona nusunusu. Wamepigania kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, kwa miaka mingi, huku mikutano yao mingine ikiitishwa ghorofani pasipo lifti. Katika vyama vya watu wenye ulemavu nako, ukitaja ubakaji utaambiwa hayo ni mambo ya wanawake, yasubiri.

Mwananchi wa kawaida aanzie wapi?

Azungumze na mwanamke mwenyewe, si na aliyemsindikiza. Halafu afike kwenye vikao vya umma vya bajeti, maana zahanati na hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Adai mshahara wa mkalimani wa kudumu kabla ya viti vya magurudumu vya kupigiwa picha. Na kikao chenyewe kiwe na mkalimani, kifanyike chini, si ghorofani.