Dondoo muhimu: Giaboksi ya Land Rover ya zamani

Giaboksi inayoingia si lazima iwe inayofaa. Mwenye Land Rover ya Series II au IIA azingatie hilo kabla ya kutoa fedha.

Magari hayo yana sinkromeshi kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Kwa namba moja na mbili, dereva hukanyaga klachi mara mbili, la sivyo meno yatalia. Series III, iliyotoka mwaka 1971, ina sinkromeshi kwenye gia zote nne za mbele, na ndiyo maana wengi huitafuta. Lakini nyumba ya klachi imebadilika: silinda ya chini ya klachi imefungwa kwenye nyumba yenyewe. Anayechukua giaboksi hiyo adai ije na nyumba yake, klachi na silinda. Kuviwinda kimoja kimoja baadaye huchosha na hugharimu.

Iliyotumika ichunguzwe mezani. Fungua nati ya kutolea oili: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, vipande vya meno ni sababu ya kuondoka. Tikisa shafti ya kuingilia, kisha ingiza kila gia huku ukiizungusha kwa mkono.

Kama shida ni kelele za mwendo wa barabara kuu, huenda giaboksi iliyopo inatosha. Ovadraivu ya Fairey hufungwa nyuma ya transifa na kupunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 22.