Kwa Nini Tunasubiri Vyombo vya Hospitali?



Labda umewahi kumpeleka mgonjwa hospitali. Ana jeraha la kushonwa. Mganga yupo na uzi upo. Lakini mnaambiwa: "Subirini, vyombo viko motoni." Mnakaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima. Wengine hununa. Wengine husema wauguzi ni wavivu. Mimi hufanya kazi ya kutakasa vyombo katika hospitali ndogo. Leo nitakueleza tunachofanya huko ndani.

Mkasi uliotumika hauendi motoni moja kwa moja. Kwanza unaoshwa. Mwoshaji huvaa glovu nene. Huufungua mkasi na kuusugua kwa brashi ndani ya maji ya sabuni. Husugua sana pale makali mawili yanapoungana, maana damu hujificha hapo. Damu ikikauka hufunika vijidudu, na joto halivifikii.

Sasa mkasi unang'aa. Je, ni salama? Bado. Vijidudu havionekani kwa macho.

Watu huniuliza, "Kwa nini msichemshe tu?" Kuchemsha huua vijidudu vingi. Lakini kijidudu cha pepopunda ni kigumu. Huishi katika udongo na samadi. Hali ikiwa mbaya hujifungia ndani ya ganda. Ganda hilo linaweza kustahimili maji yanayochemka. Kitovu cha mtoto kikikatwa kwa mkasi wenye ganda hilo, kijidudu kinaweza kuamka ndani ya mwili wake. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kisha anashindwa kunyonya. Taya zinakaza, mwili unakakamaa. Wengi wa watoto wasiotibiwa hufa.

"Basi ongezeni kuni," utasema. Kuni hazisaidii. Maji katika sufuria ya kawaida hayapiti digrii 100, hata ukichoma msitu. Nyanda za juu ni shida zaidi. Huko Njombe maji huchemka kabla ya kufika digrii 95. Akina mama wa huko wanajua jinsi maharage yanavyochelewa kuiva.

Ndiyo maana tunatumia chungu cha mvuke. Jina lake ni otoklevu. Mfaransa Charles Chamberland alikitengeneza mwaka 1879. Vingine hutumia umeme, vingine huwekwa juu ya jiko. Mfuniko hukazwa kwa skrubu. Mvuke ukikosa pa kutokea, nguvu yake huongezeka na joto hupanda mpaka digrii 121. Kipimo huonyesha ratili 15 kwa kila inchi ya mraba. Joto hilo huua hata lile ganda.

Vyombo hufungwa kwa kitambaa cha tabaka mbili, kisha hupangwa bila kubanana ili mvuke upite. Moto ukiwaka, kwanza tunaitoa hewa yote. Hewa ikibaki ndani, mvuke haufiki kila mahali. Kisha tunangoja kipimo kipande. Hapo ndipo tunaanza kuhesabu dakika, si pale tulipowasha moto. Vyombo vilivyofungwa hukaa dakika 30. Nguvu ya mvuke ikishuka katikati, tunaanza kuhesabu upya. Hata ikiwa imebaki dakika moja. Hata mgonjwa akiwa ndugu yangu.

Baadaye mvuke hutolewa polepole na vyombo huachwa vikauke. Watu wengi hukosa subira hapa. Lakini kitambaa kibichi hupitisha vijidudu kutoka mezani na mikononi. Kifurushi kikitoka kibichi, hakitumiki. Kinarudi.

Juu ya kifurushi kuna utepe wenye mistari. Mistari ikigeuka kuwa myeusi, ujue kifurushi kimepata joto. Utepe peke yake haushuhudii kwamba dakika 30 zimetimia. Kwa hiyo tunaandika pia katika daftari: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na jina la aliyesimamia.

Bomba la sindano siku hizi halirudi katika chungu. Hutumika mara moja, kisha hutupwa katika boksi la usalama. Una haki ya kuona likifunguliwa mbele yako kutoka katika karatasi yake. Vivyo hivyo kwa kifurushi cha mkasi. Uliza kwa adabu, "Muuguzi, naomba nione utepe." Muuguzi anayejua kazi yake atakuonyesha.