Neno moja kwenye hataza ya mashine

Fundi wa Kasulu aliyebuni mashine ya kuparuza muhogo anaweza kuwa na hataza kabatini na bado akashindwa kumzuia mwenzake wa Kibondo anayeuza mashine kama yake. Kinachompima ni madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa. Sheria ya Hataza, Sura ya 217, inataka madai yawe wazi, mafupi na yaungwe mkono na maelezo ya ubunifu.

Tuseme dai linataja "ngoma ya chuma yenye meno, iliyofungwa karibu na bamba la kusukumia". Wa Kibondo kachonga ngoma ya mbao, kaizungushia bati lililotobolewa kwa msumari. Hiyo ni ngoma ya chuma? Na "karibu" ni kiasi gani? Rudi kwenye maelezo na michoro. Kama vinaonyesha pengo la milimita 2 hadi 4, neno hilo lina pa kushikwa. Visipoonyesha, kila upande utalivuta kwake.

Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza, Catnic dhidi ya Hill & Smith, iliyoamuliwa 1980. Dai lilisema bamba la nyuma la lenta ya chuma lisimame wima. Mshindani alililaza nyuzi 6 kwenye aina moja na 8 kwenye nyingine, na uwezo wake wa kubeba ukapungua kidogo mno. Majaji walijiuliza kama fundi ujenzi angeelewa kuwa wima kamili ndiyo sharti. Waliona hapana, mshindani akashindwa. Lakini neno halivutiki bila kikomo. Katika kesi ya mashine ya kung'oa nywele, Improver dhidi ya Remington, mahakama ya Uingereza ilikataa kuita fimbo ya mpira yenye mikato "springi ya mzunguko", ingawa ilifanya kazi ileile. Hukumu hizi hazizifungi mahakama zetu, ila mawakili huzitumia kujenga hoja.

Kabla ya kugombana, pata nakala ya hataza kama ilivyosajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA. Ikiwa ilitolewa na ARIPO, shirika la hakimiliki la kikanda la Afrika lililoko Harare, hakikisha Tanzania ilitajwa na ada za kila mwaka zimelipwa. Kisha likate dai vipande, na mbele ya kila kipande andika mashine ya mwenzako ina nini. Ukiweza, nunua moja kwa risiti; picha za simu peke yake hubishaniwa. Barua ya wakili na usuluhishi ni nafuu kuliko kesi ya Mahakama Kuu.

Ila jihadhari na tamaa. Ukilitanua dai mpaka liikumbe kila ngoma ya kuparuza, mpinzani ataleta mashine kuukuu iliyotangulia ombi lako na kuomba hataza ifutwe. Wakati wa kuandika, weka dai kuu pana kiasi, lifuatwe na mengine membamba: la chuma, la mbao lenye bati, la pengo la milimita kadhaa. Kuu likianguka, huenda jembamba likasimama.