SOMO: SOMA KWANZA, NDIPO UTIE SAHIHI

Somo letu la safari hii lahusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni kutia sahihi. Tumechukua mfano wa Marekani, kwa sababu katika baadhi ya majimbo ya huko sahihi za wananchi zaweza kuanzisha sheria. Kitu chenye nguvu namna hiyo hakikosi wanunuzi.

1. Utaratibu ulianzaje?

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake. Mwishoni mwa karne ya 19 wananchi wengi walilalamika kwamba matajiri wameyatia mabunge hayo mfukoni. Huko California iliyolaumiwa sana ni kampuni ya reli ya Southern Pacific. Ndipo likaja wazo hili: wananchi waandike mswada wenyewe, wakusanye sahihi za wapiga kura, na zikitosha, mswada upigiwe kura na watu wote. South Dakota ilikubali mwaka 1898, Oregon mwaka 1902, na California mwaka 1911, wakati wa Gavana Hiram Johnson. Leo majimbo yapatayo 24 yana utaratibu huo. Shabaha yake ilikuwa njema: kumpa mnyonge sauti pale wakubwa wanapoziba masikio.

2. Fedha iliingiaje?

Katika California, mswada wa sheria ya kawaida wahitaji sahihi zinazolingana na asilimia 5 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa sahihi 546,651, nazo hupatikana katika muda wa siku 180. Ni watu gani wenye kazi na watoto wawezao kufanya hivyo kwa kujitolea tu? Basi yakatokea makampuni ya kukusanya sahihi. Mkusanyaji husimama mbele ya duka au sokoni, na mara nyingi hulipwa kwa kila sahihi. Siku zikibaki chache bei hupanda, na imepata kupita dola 10 kwa sahihi moja.

Jimbo la Colorado lilikataza malipo hayo kabisa. Lakini mwaka 1988, katika shauri la Meyer na Grant, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba katazo hilo lavunja uhuru wa watu kueneza maoni yao. Oregon ilitafuta njia nyingine. Mwaka 2002 wapiga kura wake walikataza kumlipa mkusanyaji kwa hesabu ya sahihi, ila aweza kulipwa kwa saa.

Si haki kusema kwamba kila mkusanyaji anayelipwa ni mwongo. Wengi ni watu wanaotafuta riziki. Lakini tazameni jinsi malipo yanavyomvuta. Anayemweleza mpita njia mswada mzima kwa dakika kumi hupata sahihi moja. Anayetamka neno moja tamu hupata tano.

3. California, 1994

Mwaka huo miji mingi ya California ilikuwa na sheria kali za kuzuia uvutaji wa sigara mahali pa watu wengi. Ukaletwa mswada namba 188, ukidhaminiwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris. Kamati iliyouongoza ilijiita kwa jina lenye maana ya "Wakalifornia Wanaotaka Vizuizi vya Sigara Jimbo Zima". Anayesikia jina hilo hudhani ni watu wanaopiga vita sigara. Kumbe mswada ungefuta sheria kali za miji na kuweka mahali pake sheria moja iliyo legevu. Baadhi ya watu walitia sahihi wakiamini wanauzuia moshi, nao walikuwa wakiufungulia mlango.

Vyama vya afya, kikiwamo Chama cha Saratani cha Marekani, vilieleza wazi nani anayelipa gharama. Siku ya kura, Novemba 1994, karibu watu 7 katika kila 10 walikataa. Mbuzi alikuwa ametolewa kwenye gunia, wakamwona.

4. Michigan, 2006

Hapa mambo yalikwenda vingine. Mswada ulitaka kuondoa, katika vyuo vya umma, kazi za serikali na zabuni zake, upendeleo uliowekwa ili kuwainua weusi, wanawake na wengine waliobaguliwa zamani. Watu waaminifu waweza kuhitilafiana juu ya jambo hilo. Lakini mswada uliitwa "Mpango wa Haki za Raia", jina linalowakumbusha weusi wa Marekani mapambano yao wenyewe. Wengi wao walieleza baadaye kwamba waliambiwa mswada unaulinda mpango ule ule uliokusudiwa kuondolewa.

Shauri lilifika mahakamani. Mwaka 2006 hakimu alikubali kwamba udanganyifu ulifanyika, tena kwa mpango. Hata hivyo hakuuzuia mswada. Sheria iliyokuwa mbele yake ilihusu ubaguzi katika kupiga kura, naye aliona kwamba weupe na weusi walidanganywa sawasawa. Mswada ukapita kwa asilimia 58.

5. Tujifunze nini?

Kwanza, jina la mswada si mswada. Jina huchaguliwa na mwenye shauri lake.

Pili, uliza nani analipa. Huenda mkusanyaji hajui, na kutojua kwake ni sababu ya wewe kusubiri.

Tatu, mahakama si kimbilio la hakika. Wale wa Michigan waliaminiwa na hakimu, lakini sahihi zao zilibaki pale pale. Kinga ya kweli huja kabla kalamu haijagusa karatasi.

Maswali ya kujadiliana

(a) Kwa nini chombo kilichoundwa kuwazuia matajiri kiliweza kutumiwa nao?
(b) Je, kumlipa mkusanyaji kwa saa kwatosha kuondoa udanganyifu? Toeni sababu.
(c) Ni mara ngapi umetia sahihi karatasi kwa sababu tu aliyeileta ana haraka? Ungemjibu nini leo?