Ampe nani kwanza?

Swali: Rafiki yangu mgeni amejifunza Kiswahili na anataka waandishi wa kwetu Tanzania. Nimpe nani?

Jibu: Wengi hukimbilia Shaaban Robert. Ndiye mkubwa wao, lakini Kiswahili chake ni kizito kwa mgeni, kwa hiyo kitabu chake Kusadikika kisubiri.

Aanzie Zanzibar, kwa Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana haraka: kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum pembeni akishangaa, na msomaji akifumbua fumbo pamoja nao. Mzimu wa Watu wa Kale, ya 1960, inasomeka mpaka leo.

Kisha Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Rosa Mistika (1971) ni ya binti aliyebanwa na baba mkali mno. Alipofika shuleni, mbali na fimbo, uhuru ukamshinda. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, jambo lililowafanya wanafunzi wakitafute zaidi, bila shaka.

Na Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya 2021? Yeye huandika kwa Kiingereza, ila Paradise imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Mgeni aisome hiyo.