Shaba mwilini: Funzo kutoka kwa jani la spinachi

Wengi wetu tunaijua shaba kama madini ya nyaya za umeme. Lakini shaba hufanya kazi pia ndani ya majani ya mimea, na hata ndani ya miili yetu.

Jani linapojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, elektroni hupokezanwa hatua kwa hatua. Mmoja wa wabebaji wake ni protini ndogo iitwayo plastosiyanini. Ina atomu moja tu ya shaba, iliyoshikiliwa na asidi amino nne.

Ili kuona umbo la protini, wanasayansi huigandisha iwe fuwele, mfano wa chembe za chumvi, kisha huipiga eksirei. Umbo la plastosiyanini ya mti wa popla lilijulikana mwaka wa 1978. Ile ya spinachi ilikataa kuganda. Ilidhaniwa kwamba sehemu yake moja inatikisika mno. Watafiti walibadilisha asidi amino moja tu, ya nafasi ya 8, na fuwele zikapatikana. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1998.

Je, hayo yanatuhusu nini? Shaba nyingi katika damu yetu hubebwa na seruloplasmini, protini yenye sehemu sita zilizokunjwa kwa mtindo unaofanana na ule wa plastosiyanini. Na kwetu pia, asidi amino moja ikibadilika mahali pabaya, madhara huwa makubwa.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa Wilson unavyoweza kutokea. Protini ya ini inayoipa seruloplasmini shaba, na kutoa ziada kupitia nyongo, huwa na kasoro. Shaba hurundikana katika ini, ubongo na macho.

Ugonjwa huu ni nadra, na mara nyingi huwapata watoto na vijana. Dalili zake ni macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, mikono kutetemeka, ulimi kuwa mzito na tabia kubadilika. Usikimbilie kusema kijana amerogwa au ni mlevi. Mpeleke hospitali apimwe damu, mkojo na macho.

Dawa zipo, zikiwemo penisilamini na zinki, lakini matibabu ni ya maisha yote. Ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, hata kama hawaumwi, kwani kasoro hii hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Ukichelewa, ini huharibika kabisa.